Saidi Mwamwindi: Mkulima wa Isimani ambaye kitanzi hakikufunga kesi yake

JINA la Saidi Abdallah Mwamwindi halimo katika orodha ya mashujaa ambao taifa huwaadhimisha. Hata hivyo, ni vigumu kumpata Mtanzania wa makamo aliyekulia Iringa ambaye hajapata kulisikia, na hata jijini Dar es Salaam, kila mjadala wa kunyongwa unapoibuka, hapakosi mzee wa kulitaja.

Mkulima huyo alimuua kwa risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, Desemba 25, 1971. Alishitakiwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa. Kwa upande wa sheria, shauri lake lilifungwa zaidi ya nusu karne iliyopita, lakini kwa upande wa dhamiri za watu halijafungwa hadi leo.

Wapo wanaomhesabu kuwa muuaji aliyestahili adhabu aliyoipata. Wapo wanaomwona kuwa mtu aliyesukumwa hadi mwisho wa uvumilivu wake. Wengi zaidi wamesimama katikati: hawakitetei kitendo chake, lakini wakiulizwa kama alistahili kitanzi husita kujibu.

Kusita huko kunastahili kutazamwa kwa makini. Mara nyingi Mtanzania yule yule anayesita juu ya Mwamwindi ndiye anayetaka wauaji wengine wanyongwe upesi, na sababu ya tofauti hiyo inaonekana katika maisha ya mkulima huyo.

Isimani ya mahindi

Isimani iko kaskazini mwa mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Ni nchi ya tambarare na joto, yenye mvua chache, tofauti kabisa na milima ya baridi ya Mufindi na Kilolo ambayo wageni wengi huifikiria wanapolisikia jina la Iringa.

Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa na watu wachache. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakulima walianza kumiminika huko, wakafyeka pori na kupanda mahindi. Udongo ambao haukuwa umelimwa ulitoa mavuno mazuri, na katika miaka ya 1950 Isimani ikawa moja ya maghala ya mahindi ya Tanganyika.

Utajiri huo haukugawanyika sawasawa. Waliotangulia, na waliokuwa na fedha za kununua au kukodi matrekta, walijipatia mashamba makubwa. Waliochelewa walilima vipande vidogo au wakawa vibarua katika mashamba ya wenzao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Isimani ilitajwa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa mfano wa namna matabaka yanavyoweza kuota hata miongoni mwa wakulima weusi wa kijijini.

Mwamwindi alikuwa mmoja wa wakulima waliofanikiwa katika mazingira hayo. Alikuwa Mhehe, Mwislamu, mwenye familia kubwa, na shamba lake lilikuwa Mkungugu. Hakuwa mwanasiasa wala mtu wa magazeti. Kama si tukio la siku moja, pengine angelifahamika kwa majirani na wanunuzi wa mahindi peke yao.

Kwa mkulima wa aina yake, shamba lilikuwa zaidi ya mali. Lilikuwa ushahidi wa jasho la miaka, mahali pa kuzikia wazee, urithi wa watoto na kipimo cha heshima yake mbele ya watu. Anayetaka kuielewa kesi ya Mwamwindi sharti aanze na ardhi hiyo kabla ya kuifikia bunduki.

Mkuu wa mkoa mwenye haraka

Februari 1967 nchi ilitangaziwa Azimio la Arusha, na miezi michache baadaye Mwalimu Julius Nyerere akatoa andiko lake juu ya ujamaa vijijini. Humo alisisitiza kuwa watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa, bali washawishiwe kwa maelezo na mifano hadi wakubali wenyewe.

Msimamo huo ulikuwa rahisi kuuandika kuliko kuutekeleza. Mwaka 1969 Rais alitoa waraka ulioelekeza idara zote za Serikali kutilia mkazo vijiji vya ujamaa. Viongozi wa mikoa wakaanza kupimwa kwa idadi ya vijiji walivyoanzisha, na palipo na kipimo cha namna hiyo, subira huwa ya kwanza kutupwa.

Dk. Klerruu alikuwa miongoni mwa viongozi wenye ari kubwa. Alizaliwa Kilimanjaro, akasoma hadi kupata shahada ya uzamivu, na akawa kada wa TANU aliyeamini ujamaa kwa moyo wote. Alipelekwa Iringa akitokea Mtwara, mkoa uliokuwa mbele kwa wingi wa vijiji vya ujamaa.

Ingekuwa dhuluma kwa historia kumchora kuwa dhalimu tu. Alikuwa mtu wa kazi, aliyeingia mwenyewe mashambani badala ya kutuma wasaidizi. Aliamini kuwa kugawana ardhi ya Isimani kulikuwa haki kwa vibarua na maskini waliolima wasichokimiliki, na katika hilo hakuwa amekosea yote. Vibarua hao walikuwepo, na matajiri wa mahindi walikuwepo.

Lakini kwa mwenye shamba, mkuu wa mkoa alikuwa mtu aliyekuja kuchukua. Cheo hicho kilikuwa na nguvu kubwa, kwa kuwa mkuu wa mkoa ndiye pia aliyekuwa katibu wa TANU wa mkoa. Serikali na chama vilikutana katika mtu mmoja, na aliyetofautiana naye hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Jambo la kusikitisha ni kuwa mwaka huo huo wa 1971, mwezi Februari, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wake ambao katika ibara ya 15 uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa wananchi. Chama kilikwishaiona hatari iliyokuwa ikinyemelea, lakini onyo hilo halikufika kila mahali lilipohitajika.

Krismasi ya mwaka 1971

Mwishoni mwa Desemba ndio msimu wa kulima Isimani, kwa kuwa mvua zake ni chache na anayezikosa hupoteza mwaka mzima. Kwa simulizi iliyozoeleka, Mwamwindi alikuwa akilima kwa trekta siku hiyo ya Krismasi wakati Dk. Klerruu alipofika Mkungugu kwa gari, bila askari wa kumlinda.

Yaliyofuata baina ya watu hao wawili yamesimuliwa kwa namna nyingi. Zote zinakubaliana kuwa palitokea majibizano juu ya shamba, na kuwa mkulima alijiona ametukanwa na kudhalilishwa nyumbani kwake. Inasimuliwa pia kuwa fimbo ya mkuu wa mkoa ilihusika katika ugomvi huo, na kuwa Mwamwindi alikwenda kuchukua bunduki yake, akarejea na kumpiga risasi.

Alichokifanya baadaye ndicho kilicholifanya tukio hilo lisisahaulike. Hakukimbilia porini wala kuuficha mwili. Aliupakia katika gari la mkuu wa mkoa, akaliendesha hadi mjini Iringa na kujisalimisha polisi pamoja na maiti ya mtu aliyemuua.

Habari hizo ziliishitua nchi. Tanzania Bara ilikuwa imetimiza miaka kumi tu ya Uhuru, na haikuwa imezoea kuona kiongozi wa ngazi hiyo akiuawa na mwananchi kwa sababu ya siasa ya nchi. Kwa Serikali, risasi ile haikumlenga Dk. Klerruu peke yake, bali ujamaa wenyewe. Kwa baadhi ya wakulima, ilikuwa ni kilio kilichokosa njia nyingine ya kutokea.

Vyovyote ilivyotafsiriwa, mtu alikuwa amekufa. Familia ilikuwa imempoteza baba na mume siku ya sikukuu. Hasira ni hasara, na hasara ya siku ile ilizikumba nyumba mbili, moja ya Kilimanjaro na nyingine ya Isimani.

Mbele ya Jaji Onyiuke

Kesi ilisikilizwa mwaka 1972 na Mahakama Kuu iliyoketi Iringa, mbele ya Jaji Onyiuke, raia wa Nigeria aliyekuwa akilitumikia taifa hili wakati ambapo majaji Watanzania walikuwa wachache. Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania, Augustine Saidi, alikuwa ameshika wadhifa huo mwaka 1971.

Hapakuwa na mabishano makubwa juu ya nani aliua. Mshitakiwa mwenyewe alikuwa amejipeleka polisi. Mabishano yalikuwa juu ya kosa hilo liitwe nini, na katika sheria ya Tanzania jina la kosa ndilo lililokuwa na uhai au mauti ndani yake.

Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa utawala wa Waingereza, ilitenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kwa kosa la pili, jaji alikuwa na uwanja mpana: angeweza kutoa kifungo cha maisha, au cha miaka kadhaa, kulingana na mazingira. Kwa kosa la kwanza hakuwa na uwanja wowote. Kifungu cha 197 kilitamka adhabu moja tu, kifo.

Baina ya makosa hayo mawili palikuwa na daraja jembamba, nalo ni utetezi wa kughadhabishwa. Aliyeua ghafla akiwa katika ghadhabu iliyotokana na kitendo cha uovu au tusi zito, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, aliweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia.

Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ilieleza kuwa kipimo cha ghadhabu ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshitakiwa. Kwa maneno mengine, haikutosha kuuliza kama tusi lile lingemkasirisha bwana wa London au karani wa Dar es Salaam. Ilipasa kuuliza lingemfanya nini mkulima wa kawaida wa Uhehe, akiwa katika ardhi yake, mbele ya watu wake.

Kwa hiyo kesi ya Mwamwindi ilibeba maswali mazito. Heshima ya mtu ina thamani gani? Muda wa kwenda kuchukua bunduki na kurejea watosha kuipoza damu iliyochemka? Na mwenye mamlaka anapomdhalilisha asiye nayo, kosa linalofuata ni la mmoja tu?

Mahakama ilipima ushahidi na kuukataa utetezi. Mwamwindi alitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia na kuhukumiwa kunyongwa hadi kufa.

Wanasheria bado huisoma hukumu hiyo vyuoni, na wengi hawaoni kasoro katika kuitumia kwake sheria kama ilivyokuwa. Kasoro wanayoiona wapinzani wa adhabu ya kifo ni ya sheria yenyewe. Jaji akishatamka kuwa kosa ni kuua kwa kukusudia, mlango hufungwa. Yote aliyoyasikia juu ya shamba, fimbo, matusi na kujisalimisha polisi hayawezi kupunguza hata siku moja ya adhabu. Muuaji wa kukodiwa na mkulima aliyeghadhibika husimama mbele ya kamba ile ile.

Mezani kwa Rais

Baada ya mahakama ilibaki mamlaka moja. Katiba ilimpa Rais uwezo wa kusamehe au kubadilisha adhabu, na hakuna aliyeweza kunyongwa kabla suala lake halijafika kwake. Mwamwindi hakupata msamaha. Adhabu ilitekelezwa.

Uamuzi huo ulimkuta Mwalimu Nyerere katika kipindi kigumu. Miezi mitatu na ushei baada ya kifo cha Dk. Klerruu, Aprili 7, 1972, Makamu wa Kwanza wa Rais, Sheikh Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi mjini Zanzibar. Katika muda mfupi nchi ilikuwa imewapoteza viongozi wawili kwa bunduki.

Yaliyofuata Zanzibar yanasaidia kulipima suala hili. Kesi ya uhaini iliyofunguliwa huko iliishia na watu 34 kuhukumiwa kifo mwaka 1974, baadhi yao wakiwa hawapo mahakamani. Miongoni mwao alikuwamo Abdulrahman Babu, aliyekuwa kizuizini Bara. Nyerere alikataa kumpeleka Zanzibar, na Babu akaachiwa huru mwaka 1978.

Wengi wanaamini kukataa huko kulitokana na funzo chungu. Mwaka 1969 Abdalla Kassim Hanga na Othman Shariff walikuwa wamepelekwa Zanzibar kutoka Bara na kuuawa huko bila kesi ya wazi. Waliokwisha kufa hawakuweza kurudishwa, na kwa waliofuata Bara haikuwa tayari kulirudia kosa.

Hali ya Mwamwindi ilikuwa tofauti. Alikuwa amefikishwa katika mahakama ya wazi, mbele ya jaji asiye na ndugu Iringa, kwa kosa ambalo hakulikana. Kumsamehe kungeweza kusomwa kuwa ruhusa kwa kila mwenye bunduki kumfyatulia kiongozi aliyemuudhi. Kumnyonga kulisomeka kuwa Serikali inamlipia kisasi mtu wake.

Rais wa nchi changa alilazimika kuchagua baina ya tafsiri hizo mbili. Uamuzi alioufanya ndio ambao wakuu wengi wa nchi wa zama zile, Afrika na kwingineko, wangeufanya. Hilo halilimalizi swali la kama ulikuwa wa haki, bali linaonyesha jinsi maisha ya mtu yanavyoweza kuamuliwa na hali ya hewa ya siasa kuliko uzito wa kosa lake.

Kama kunyongwa kwake kulikusudiwa kuwa onyo, ni vigumu kueleza kilichozuiwa. Uhamishaji wa watu kwenda vijijini uliendelea na kuongezewa nguvu. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na hadi katikati ya muongo huo mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Baadaye siasa hiyo ililegezwa, kisha ikaachwa. Makosa ya sera yaliweza kurekebishwa, lakini kwa mtu aliyenyongwa wakati wa sera hiyo hapakuwa na la kurekebisha.

Kamba iliyoletwa na wakoloni

Kitanzi kina historia yake katika nchi hii, na historia hiyo haimsaidii anayetaka kukiona kuwa sauti ya haki. Utawala wa Wajerumani ulikitumia dhidi ya walioupinga. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na mwembe unaohusishwa na kifo chake ukaitwa Mwembe Kinyonga.

Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900. Songea Mbano na wenzake wengi wa Ungoni walinyongwa Februari 1906 baada ya Vita vya Maji Maji. Kwa waliowanyonga, wote hao walikuwa wahalifu. Leo majina yao yanafundishwa shuleni kuwa ya mashujaa.

Waingereza walifuata kwa kuandika sheria, majaji na rufaa, lakini kamba ikabaki. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Serikali mpya iliirithi pamoja na magereza na vitabu vya sheria.

Mwamwindi hawezi kuwekwa safu moja na waliopigania nchi yao. Alimuua mtu mmoja katika ugomvi, na mtu huyo hakuwa mvamizi. Lakini yeye na wao wana jambo moja la kushirikiana: kifo walichopewa na dola hakikuwa neno la mwisho juu yao.

Wananchi na kunyongwa

Inasemwa mara nyingi kuwa Watanzania wanaiunga mkono adhabu ya kifo. Ushahidi wa hilo hauko mbali. Wimbi la mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi lilipoikumba Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, sauti za kutaka wauaji wanyongwe zilisikika kila kona ya nchi.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka hadharani kuwa wauaji hao nao wauawe, na alipotakiwa kujieleza bungeni alishindwa kuyazuia machozi. Wengi hawakuyalaumu machozi yale. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya namna hiyo, na hukumu ikapokewa kwa ahueni.

Jijini Dar es Salaam ushahidi huo ni wa kila siku. Kelele za mwizi zikipigwa Tandika, Mbagala au Manzese, umati hukusanyika kabla ya polisi, na gazeti la kesho yake huandika kuwa mtuhumiwa aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Umati hauulizi jina la mtu huyo wala alichokiiba. Hukumu yake ni moja tu, kama ilivyo ya kifungu cha 197.

Hata hivyo, mjadala ukihamia kwa Mwamwindi, watu wale wale huanza kuuliza. Wanataka kujua alitukanwa nini, shamba lilikuwa la nani, kwa nini mkuu wa mkoa alikwenda peke yake siku ya sikukuu. Wanapima. Wanafanya kile ambacho sheria ilimzuia jaji kukifanya alipofika kwenye adhabu.

Si kwamba Mwamwindi alikuwa mwema kuliko wengine wote waliowahi kuhukumiwa kifo. Tofauti ni kuwa habari zake zinajulikana. Mtu ambaye kisa chake hakijulikani ni rahisi kumnyonga, na anayejulikana ni mgumu.

Wakazi wa pembezoni mwa jiji wanaweza kukielewa kisa hicho kuliko wanavyodhani. Madale, Goba, Mabwepande na maeneo mengine ya Kinondoni ya zamani yamekuwa na migogoro ya viwanja kwa miaka mingi, na kila aliyewahi kuona tingatinga likisogelea nyumba anafahamu jinsi damu inavyochemka. Wengi huitawala hasira hiyo na kwenda mahakamani. Mwamwindi hakuitawala, na hilo ndilo kosa lake ambalo hakuna mtetezi anayeweza kulifuta.

Lakini kumwelewa mtu si kumsafisha. Ni kujua tu kuwa kati ya kumwachia huru na kumnyonga kuna nafasi pana ya adhabu ambazo jamii ingeweza kumpa, na ambazo sheria haikuziruhusu zitajwe.

Sheria baada yake

Mwamwindi alihukumiwa wakati ambapo Katiba haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Orodha hiyo iliingizwa mwaka 1984, na ibara ya 14 ikatamka kuwa kila mtu ana haki ya kuishi. Hoja ambazo mawakili wa mwaka 1972 hawakuwa nazo zikapatikana.

Mwaka 1994, katika kesi inayojulikana kama ya Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakiuka Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, lakini ikasema Katiba yenyewe inaruhusu sheria kama hiyo kwa maslahi ya umma, na kuwa jamii ndiyo yenye kuamua kama bado inaihitaji.

Mwaka huo wa 1994 ndio wa mwisho kwa mtu kunyongwa nchini kwa amri ya mahakama. Tangu wakati huo marais wamekuwa wakikwepa kutia saini. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliwabadilishia adhabu mamia ya wafungwa kuwa kifungo cha maisha. Septemba 2017 Rais John Magufuli alieleza waziwazi kuwa hakutaka kupelekewa orodha ya watu wa kunyongwa, na Desemba mwaka huo akawasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kifo.

Majirani wamekwenda mbali zaidi. Rwanda ilifuta adhabu hiyo mwaka 2007 na Burundi mwaka 2009. Mahakama za juu za Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017 ziliondoa ulazima wa kifo kwa kosa la kuua, ili jaji aweze kupima mazingira. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa ulazima huo katika sheria za Tanzania unakiuka haki ya kuishi.

Hivyo Tanzania imebaki na kitanzi ambacho majaji wanalazimika kukitamka na marais hawataki kukitumia. Wanaoishi kati ya pande hizo mbili ni wafungwa wanaoamka kila alfajiri bila kujua kama siku imefika, na familia za waliouawa ambazo nazo hazijui kama haki imetendeka.

Majina mawili

Mjini Iringa kipo Chuo cha Ualimu Klerruu, ambacho kila mwaka hutoa walimu kwa jina la mkuu wa mkoa aliyeuawa. Ni kumbukumbu inayofaa kwa msomi aliyeamini kuwa nchi inaweza kubadilishwa. Mwamwindi hakupewa jengo wala chuo, naye amebaki katika vinywa vya watu.

Huenda jina la Dk. Klerruu lingestahili kukumbukwa zaidi ya hapo, kama mtu aliyepoteza uhai akifanya alichokiamini kuwa ni wajibu. Anayemlilia Mwamwindi bila kumlilia Klerruu naye amechagua kukijua kisa kimoja na kukiacha kingine, kama umati unavyofanya.

Mahakama ya Rufaa iliiachia jamii swali hilo mwaka 1995, na jamii haijalijibu. Kila inapolijadili hulijibu kwa namna mbili: kwa ukali inapomfikiria muuaji asiye na sura, na kwa kusita inapomkumbuka mkulima wa Mkungugu aliyeliendesha mwenyewe gari lililobeba maiti hadi polisi. Sheria isiyo na nafasi ya kusita imeuchukua upande mmoja tu wa moyo wa Watanzania na kuuacha mwingine nje ya mahakama.